Skrubu Mbili za Taya la Chini

Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni nchi ya vyakula vinavyotaka meno. Trela za miwa zinazoelekea viwandani Mumias, Butali na Kabras huangusha vipande njiani, na watoto huvibambua maganda kwa meno kabla vumbi halijatulia. Jioni mahindi huchomwa kando ya barabara. Mgeni wa heshima akibisha hodi huchinjiwa ingokho, kuku wa kienyeji aliyezunguka boma miezi mingi na ambaye nyama yake haimezeki bila kufanyiwa kazi na magego. Aliyepoteza meno huviaga vyakula hivi kimoja baada ya kingine. Muwa huagwa kwanza, kisha mahindi, kisha kuku. Hatimaye hubaki na uji wa wimbi, ugali wa kuchovya kwenye mrenda, na ndizi iliyoiva.

Wengi huamini kwamba dawa ya shida hii ni meno bandia, na kwa nusu ya kinywa wanaamini sawa. Seti ya juu hushika. Ya chini ndiyo korofi: huelea, huruka mtu akipiga chafya, huchubua ufizi, na baada ya wiki chache huishia kwenye kikombe kando ya kitanda au ndani ya leso kabatini. Mwenye nayo huambiwa na jamaa zake avumilie, atazoea. Wapo wanaozoea. Wapo pia wanaolipia meno ambayo hawatayatumia kula hata siku moja.

Njia ya kuituliza seti hiyo ya chini inajulikana, tena imejaribiwa kwa miongo kadhaa. Ni skrubu mbili ndogo za titani zinazopandwa ndani ya mfupa wa taya, na meno bandia yakabanwa juu yake. Madaktari huziita vipandikizi. Siku hizi matangazo ya kliniki za mijini huzinadi kwa picha za vinywa vizima vinavyong'aa, na mtu wa kawaida akisikia bei hukata tamaa papo hapo. Hajui kwamba kwa mzee asiye na meno ya chini, kinachohitajika mara nyingi ni kidogo kuliko kinachotangazwa.

Meno yanavyoondoka

Uzee peke yake haung'oi jino. Mwaka 2015 utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Kenya ulikuta watu wazima 98 katika kila 100 wakiwa na fizi zinazovuja damu, na kama 34 katika kila 100 wakiwa na meno yaliyooza. Fizi zinazovuja damu haziumi, ndiyo maana hupuuzwa. Kwa baadhi ya watu ugonjwa huo huteremka polepole hadi kwenye mfupa unaoshika mizizi. Miaka ikipita, jino zima lisilo na tundu hata moja huanza kucheza, na siku moja hutoka lenyewe.

Uozo nao huumiza, na huumiza zaidi usiku. Kukicha mgonjwa hataki kusikia habari ya kusafishwa mzizi na kurudi mara mbili tatu. Anataka maumivu yaishe leo, kabla ya matatu ya kurudi nyumbani. Kung'oa humalizika kwa kikao kimoja, na bei yake ni nafuu. Tena wataalamu wenyewe si wengi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974. Waliotangulia walisomea ng'ambo, na hata leo sehemu kubwa ya madaktari hao wamejikusanya Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Jino ambalo lingejazwa likapona huishia kwenye koleo. Leo moja, baada ya miaka miwili jingine, na mtu hufikia miaka 60 akiwa na machache ya mbele tu.

Hali hii si ya Kakamega wala ya Kenya peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba karibu asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 20 na zaidi duniani hawana jino hata moja. Kwa waliotimiza miaka 60, idadi hiyo hupanda hadi asilimia 23.

Mfupa usio na kazi

Jino likitoka, mfupa uliolizunguka hukosa kazi, na mwili hauna desturi ya kuutunza mfupa usiofanya kazi. Katika mwaka wa kwanza upana wa ukingo wa taya mahali hapo hupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua lakini haisimami. Mtafiti Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 matokeo ya kuwafuatilia watu wenye meno bandia kwa muda wa miaka 25, na akaonyesha kwamba mfupa uliendelea kushuka mwaka baada ya mwaka. Taya la chini lilipoteza kimo mara nne zaidi ya taya la juu.

Tofauti hiyo ya mara nne husaidia kueleza kile kikombe kando ya kitanda. Seti ya juu hufunika kaakaa lote. Eneo ni pana, mate hutandaza utando mwembamba katikati, hewa hutoka, na seti hunyonywa juu ikakaa. Chini hakuna kaakaa. Kuna ukingo mwembamba wa mfupa uliopinda, ulimi ukiwa ndani yake na mashavu na midomo nje, na kila neno linalotamkwa husukuma. Ukingo ukishakonda ukawa bapa, hakuna kitu cha kushikilia tena. Fundi hata awe hodari namna gani, anatengeneza meno ya kukaa mahali pasipo na kikalio.

Hata meno bandia yaliyotengenezwa vizuri hayarudishi nguvu yote ya kuuma. Mtu mwenye seti kamili za kawaida hutafuna kwa robo ya nguvu ya mwenye meno yake, au chini ya hapo. Gundi ya dukani husaidia kwa saa kadhaa, kisha mate huiyeyusha. Uso nao hubadilika: mashavu huzama, midomo huingia ndani, na umbali kati ya pua na kidevu hufupika.

Sungura wa Lund

Ufumbuzi ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa akishughulika na meno hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari kijana Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa unaopona. Alipachika vichungulio vidogo vya titani kwenye miguu ya sungura ili aweze kutazama ndani kwa hadubini. Utafiti ulipomalizika alitaka kuvitoa vikatumike tena, maana vilikuwa ghali. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukaishika titani moja kwa moja, bila tishu laini katikati.

Hadi wakati huo waganga waliamini kwamba mwili hukikataa kitu kigeni kinachoingizwa ndani yake, au angalau hukizungushia kovu. Titani ilikuwa na siri yake. Ikigusana na hewa hujivika tabaka jembamba sana la oksaidi, na seli za mfupa hulikubali tabaka hilo zikajenga juu yake. Brånemark alitumia miaka mingine mingi kujaribu kwa wanyama kabla ya kumgusa mtu.

Mtu huyo alipatikana mjini Gothenburg mwaka 1965. Gösta Larsson alizaliwa na kasoro za taya na alikuwa hana meno ya chini, na kula kwake kulikuwa taabu ya kila siku. Aliwekewa vipandikizi vinne. Larsson alifariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40 baadaye, vipandikizi vyake vikiwa bado vinafanya kazi. Wenzake Brånemark katika taaluma hawakukubali upesi. Kwa miaka mingi walimwona mtu wa kujaribisha mambo ya hatari. Mkutano wa kitaalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982 ndio uliowageuza madaktari wa Amerika Kaskazini, na kutoka hapo teknolojia hiyo ikaenea duniani. Brånemark mwenyewe alifariki Desemba 2014.

Kwa nini mbili

Kipandikizi kimoja kwa kawaida hakitoshi kubeba meno ya taya zima, na wala hazihitajiki skrubu 14 kurudisha meno 14. Kuna ngazi kadhaa katikati. Aliyepungukiwa na jino moja huwekewa kipandikizi kimoja na taji juu yake. Aliyepungukiwa na meno matatu mfululizo anaweza kuwekewa viwili na daraja. Asiye na jino lolote kwenye taya anaweza kujengewa meno yasiyotoka juu ya vipandikizi vinne, mtindo uliosambazwa na daktari Mreno Paulo Maló, au juu ya sita. Kazi hiyo ni nzuri, na bei yake ni kubwa.

Ngazi ya chini kabisa kwa asiye na meno ndiyo ile ya skrubu mbili. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, walitoa tamko kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, matibabu ya kwanza kufikiriwa yawe meno bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili, si seti ya kawaida inayoelea. Mwaka 2009 wenzao wa Uingereza waliokutana York walifikia kauli inayofanana na hiyo. Tafiti zilikuwa zimeonyesha kwamba hapa ndipo mgonjwa anapopata nafuu kubwa kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote. Wagonjwa waliridhika zaidi, walitafuna vizuri zaidi, na waliacha kuogopa kucheka mbele za watu.

Mahali pa kuziweka pia pana bahati. Katika taya la chini neva kubwa hupita ndani ya mfupa kutoka nyuma, kisha hutokea nje kupitia matundu mawili, moja kila upande, karibu na mahali pa magego ya kwanza madogo. Mbele ya matundu hayo, panapoota chonge na meno ya mbele, hakuna neva kubwa ya kuhofia, mfupa ni mgumu, na mara nyingi huwa umebaki wa kutosha hata kwa mzee aliyepoteza meno yake miaka 20 iliyopita. Daktari hupanda skrubu moja penye chonge ya kulia na nyingine penye chonge ya kushoto. Taya la juu mfupa wake ni laini zaidi, kwa hiyo huhitaji vinne au zaidi. Lakini juu, kama ilivyokwisha kusemwa, seti ya kawaida mara nyingi hujitosheleza.

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza haina damu. Daktari humhoji mgonjwa kuhusu maradhi na dawa anazotumia, hupima kinywa, kisha huomba picha ya eksirei, ikiwezekana ile ya pande tatu inayoonyesha unene wa mfupa na njia ya neva. Jambo moja husahauliwa na wenye haraka: meno bandia yenyewe lazima yawe mazuri kwanza. Skrubu haziponyi seti iliyokatwa vibaya au inayoumana kombo.

Upasuaji hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Ufizi hufunguliwa kidogo, mfupa hutobolewa kwa mashine inayozunguka polepole huku ikimwagiwa maji yasiyo na vijidudu ili mfupa usiungue. Joto likizidi seli za mfupa hufa, na kipandikizi hakitashikwa. Kisha skrubu hukazwa. Kwa kawaida huwa na urefu wa kati ya milimita 8 na 13 na unene wa milimita 3 hadi 5. Wengi husema kwamba maumivu ya siku zinazofuata hayazidi yale ya kung'olewa jino.

Baada ya hapo ni kungoja. Brånemark aliwangojesha wagonjwa wake miezi mitatu kwa taya la chini na hadi sita kwa la juu. Skrubu za siku hizi zina uso uliokwaruzwa kitaalamu ili mfupa ushike upesi, na mara nyingi wiki 6 hadi 12 hutosha. Wakati huo mgonjwa huendelea kuvaa seti yake ya zamani iliyolegezwa chini yake isibonyeze kidonda.

Mfupa ukishashika, kila skrubu hufungiwa kichwa kidogo kinachojitokeza juu ya ufizi. Chini ya meno bandia huchimbwa mashimo mawili na kutiwa vikombe vyenye nailoni ndani. Mgonjwa akibonyeza seti mahali pake husikika mlio, vikombe vikijifunga juu ya vichwa sawasawa na vifungo vya kubana vya gauni. Ili kuitoa, huivuta kwa vidole. Seti bado hukalia ufizi na bado hutolewa kusafishwa, lakini haielei tena.

Meno sita ya chini

Magharibi mwa Kenya sehemu hiyo ya mbele ya taya la chini ina historia yake. Kwa vizazi vingi Wajaluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini ya vijana wao katika kuwatoa utotoni, na baadhi ya jirani zao Waluhya nao waling'oa ya chini, ingawa idadi ilitofautiana kutoka jamii hadi jamii. Maelezo yanayotolewa mara nyingi na wazee ni pamoja na kwamba pengo lile lilimwezesha mgonjwa wa pepopunda, aliyekazana taya, kunyweshwa uji na dawa. Shule na makanisa ya karne ya 20 yaliififiza desturi hiyo, na leo alama yake huonekana kwa wazee wachache tu.

Kwa Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini desturi ya aina hiyo ilidumu zaidi, na ndiyo iliyowafikisha baadhi yao kwenye kiti cha daktari wa vipandikizi. Vita vya Sudan vilipowatawanya, maelfu walipewa makao Marekani, wengi wao jimboni Nebraska. Huko pengo lililokuwa heshima nyumbani liligeuka kuwa swali la kila mtu waliyekutana naye, kazini na shuleni, na sauti kadhaa za Kiingereza ziliwapa taabu kutamka. Mwanaanthropolojia Mary Willis na wenzake, akiwamo daktari bingwa wa meno bandia, walichapisha mwaka 2005 maelezo ya wakimbizi hao waliotaka meno yao ya mbele yarudishwe.

Kisa hicho kinaonyesha mambo mawili. Kwanza, kurudisha meno hakuhusu chakula peke yake. Mtu hutaka pia kusema na kutazamwa bila kuulizwa. Pili, taya lililokaa bila meno tangu utotoni bado linaweza kupokea titani, mradi mfupa upimwe kwanza.

Bei, barabara na karatasi

Mkazi wa Kakamega anayeyataka matibabu haya huanza na umbali. Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti, mjini Kakamega, ina idara ya meno, na hapo ndipo pa kuanzia kwa uchunguzi na ushauri. Kliniki za binafsi pia zipo mjini. Lakini upandaji wa vipandikizi huhitaji daktari aliyejifunza kazi hiyo hasa, eksirei nzuri na maabara ya kutengenezea meno, na vyote vitatu havipatikani kila mahali. Wengi huelekezwa Kisumu, kilomita 50 hivi kusini, Eldoret ambako Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya udaktari wa meno, au Nairobi. Ziara hazipungui nne au tano. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea ziingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kisha bei. Katika kliniki binafsi za miji ya Kenya kipandikizi kimoja mara nyingi hupita shilingi 100,000, na hiyo ni kabla ya meno yanayokaa juu yake. Titani, vichwa na vifaa vya kupachikia vyote huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei hupanda shilingi inapoanguka. Mwenye bima, iwe ya kazini au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, asikisie kama italipa. Aombe jibu kwa maandishi kabla ya kulala kwenye kiti.

Mahali ambapo bei ni kubwa, walaghai hawakosi. Leseni ya daktari inaweza kuthibitishwa kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, inayopatikana mtandaoni. Fundi anayetengeneza meno bandia ni mtaalamu wa kazi yake, na bila yeye daktari hafiki popote, lakini kufungua ufizi na kutoboa taya si kazi yake.

Kuna karatasi moja ambayo mgonjwa asiondoke bila kuipata: jina la kiwanda kilichotengeneza kipandikizi, aina yake, unene na urefu wake. Duniani kuna mamia ya aina, na vichwa vya aina moja havilingani na skrubu za nyingine. Miaka kumi baadaye kichwa kikilegea na kliniki iliyokiweka ikiwa imefungwa au imehama, daktari mpya asiye na karatasi hiyo hubaki akipapasa gizani. Kwa mtu anayeishi Lurambi au Navakholo, kuuliza kama vipuri vya aina hiyo vinapatikana Kenya ni muhimu kuliko kuuliza nchi vilikotengenezwa.

Nani anafaa

Umri mkubwa si kizuizi. Mzee wa miaka 80 mwenye afya nzuri anafaa kuliko kijana mvutaji sigara. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi na huongeza uwezekano wa kipandikizi kukataliwa. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona. Kikidhibitiwa, njia hufunguka. Aliyewahi kutibiwa saratani kwa mionzi ya kichwa na shingo, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima aseme mapema, maana mfupa wa taya lake unaweza kushindwa kupona. Vijana ambao taya zao bado zinakua hungojeshwa, kwa sababu kipandikizi hakikui pamoja na mfupa.

Kwa waliochaguliwa vizuri matokeo ni mazuri: baada ya miaka 10, zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 huwa bado vipo kinywani. Hilo lisisomwe kuwa vinadumu bila kuguswa. Titani haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka huugua ugonjwa ule ule wa fizi uliong'oa meno ya mwanzo. Huanza kwa kuvuja damu, kisha usaha, kisha mfupa huliwa kimyakimya hadi skrubu icheze. Vichwa viwili vile hupigwa mswaki kila asubuhi na jioni kwa uangalifu kuliko jino lolote. Seti hutolewa usiku ili ufizi upumzike, ikasuguliwa na kuwekwa kwenye maji safi. Nailoni za ndani ya vikombe huchakaa kwa kutolewa na kurudishwa, na hubadilishwa kila zinapolegea, kwa wengi baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini lazima awepo mtu wa kuifanya.

Kabla ya koleo

Ipo njia nyingine ya kuishika seti ya chini ambayo haitangazwi sana, labda kwa sababu haina kitu cha kuuza kutoka ng'ambo. Meno yakiwa yamechakaa juu lakini mizizi miwili ya chonge ikiwa bado imara, daktari anaweza kutibu mizizi hiyo, akayakata meno sawa na ufizi, na kutengeneza meno bandia yanayokaa juu yake. Mizizi iliyobaki hufanya kazi mbili: huipa seti kikalio na huuzuia mfupa kuondoka. Mwaka 1978 watafiti Crum na Rooney walilinganisha watu wa aina hiyo na wale waliong'olewa meno yote ya chini. Baada ya miaka mitano, waliobakishiwa mizizi ya chonge walikuwa wamepoteza wastani wa milimita 0.6 za kimo cha mfupa wa mbele. Waliong'olewa yote walipoteza milimita 5.2.

Si kila mdomo unaofaa. Mizizi inayocheza haisaidii, na iliyobakishwa huoza isiposafishwa. Gharama yake, hata hivyo, haina kipandikizi ndani yake, na tiba ya mzizi inajulikana na madaktari wengi wa meno kuliko upandaji wa titani. Mgonjwa anayeambiwa kwamba meno yake yote ya chini yang'olewe ili atengenezewe seti ana haki ya kuomba eksirei ya chonge zake mbili kwanza, na kuuliza kama zinaweza kubaki. Zikikataa, mfupa wa mbele bado unaweza kupimwa kwa ajili ya skrubu mbili, na mapema ni bora, wakati ukingo bado una kimo cha kuzipokea.